Pikapu Inayotupa Mkia

Apolinary alirudi Kituntu akiwa hoi. Alizima pikapu, akabaki amekaa humo humo, mikono imeng'ang'ania usukani. Siku nzima alibeba kahawa ya watu, na siku nzima gari lilimtoa jasho. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Likifika kwenye mteremko wenye kona, sehemu ya nyuma ilihama yenyewe, mara kulia, mara kushoto, kana kwamba ina dereva wake.

Mkewe, Kokushubira, alimletea maji ya kunawa. Alikuwa na mimba kubwa. Binti yao Joviana alizaliwa kwa taabu, kwa hiyo safari hii mwuguzi alitaka mama awahi hospitali ya misheni kabla ya uchungu. Hospitali ilikuwa chini ya mteremko ule ule.

"Limeyumba tena?" aliuliza.

"Limeyumba."

"Basi mimi silipandi, Baba Joviana. Wanaume wa kijiji watanibeba kwa engozi, kama walivyobebwa mama zetu."

"Machela ni mwendo wa kutwa! Uchungu ukikukuta njiani?"

"Na gari likitumbukia bondeni?"

Apolinary alishuka, akanawa, akaingia ndani. Alikuwa amechoka hata kubishana.

Asubuhi alichukua spana akaanza kukaza usukani, kama kawaida yake. Jirani yake Rwegoshora, aliyewahi kutengeneza malori kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa, akamkuta.

"Jirani, huo usukani umekukosea nini? Kila juma unaukaza."

"Gari linayumba. Nikaze nini, mkia?"

"Huenda. Likiyumba, panaanza mbele au nyuma?"

Apolinary akafikiri. "Nyuma. Usukani nimeushika sawa, nyuma ndiyo inahama."

"Basi twende nyuma."

Wakapima upepo wa matairi ya nyuma. Ulikuwa sawa pande zote. Wakapiga jeki, wakatikisa magurudumu. Hayakulegea. Wakalishusha gari, Rwegoshora akachuchumaa kando, akamwambia Apolinary alisukume mbele kidogo, kisha alirudishe.

"Tazama," akasema. "Eksili hii ya magurudumu inatangulia, springi inabaki. Hawa wawili wanatakiwa wafungwe pamoja kama mke na mume kanisani. Na huu mti hapa katikati ni wa nini?"

Apolinary aliona haya. Springi zilikuwa zimechoka, na msimu wa kahawa ulipoanza gari lilikaa chini kwa nyuma. Akachonga vipande vya mtoma, ule mti wa nguo za magome, akavibana kati ya springi na eksili. Gari likanyanyuka, na kila mtu akamsifu.

"Mtoma ni laini," Rwegoshora akasema. "Mzigo umeuponda, boliti zikalegea. Zikilegea, eksili inatembea. Eksili ikienda upande, gari zima linafuata. Ungekaza usukani mpaka uzeeke!"

Wakavitoa vile vipande. Kutoka lori bovu la machimboni wakapata majani mawili ya springi, yale mabamba yake ya chuma, wakaongeza moja kila upande. Safari hii chuma kilikaa juu ya chuma, na kichwa cha boliti ya katikati kikaingia kwenye tundu lake. Nati wakazikaza kwa zamu, kidogo kidogo.

"Ukishatembea kidogo, simama uzikaze tena," Rwegoshora alionya. "Na magunia usiyarundike mkiani. Yaanzie karibu na kebini ya dereva. Yakizidi, yaache."

"Wenye kahawa watalalamika."

"Walalamike wakiwa hai."

Apolinary aliteremka mteremko peke yake na mzigo, akakaza nati, akapanda, akateremka tena. Mkia ulifuata mbele bila ubishi. Ndipo alipomwomba mkewe apande.

Kokushubira alipanda, akashika mlango kwa mikono yote miwili. Wiki nzima hofu ilikuwa imemnyima usingizi. Apolinary aliendesha polepole. Kwenye kona ya kwanza alitaka kumwambia, "Unaona?" Akageuka. Kichwa cha mkewe kilikuwa kimelala kwenye kioo, mikono imelegea mapajani. Apolinary akapunguza mwendo zaidi asimwamshe, machozi yakimlengalenga.

Mbele ya hospitali alizima gari. Kokushubira akashtuka, akaushika mlango.

"Mbona umesimama? Kona ndio kwanza zinaanza?"

"Tumefika, Mama Joviana."