Risasi za Safu ya Tatu

Kila Ijumaa ya vuli, Signe Tollefson akitoka shule alikula mkate wa siagi ya karanga akiwa amesimama, kisha akaenda karakanani kwa baba yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao tangu atimize miaka kumi na miwili: kutengeneza risasi za bunduki kuukuu ya babu, yenye mtutu mpana, ambazo hakuna duka lililoziuza tena mjini Stillman.

Baba yake, Dale, aliyeyusha madini ya risasi mlangoni, penye upepo, akayamimina kwenye kalibu kupata vichwa vya risasi. Signe hakuruhusiwa kusogea hapo. Kazi yake ilikuwa baruti. Alisimamisha maganda hamsini ya shaba kwenye kibao chenye matundu, safu kumi za maganda matano matano, na kutia kila ganda kipimo kimoja.

Maganda hayo yalikuwa marefu, ya enzi za baruti nyeusi iliyoyajaza mpaka juu. Baruti ya siku hizi ina nguvu zaidi, na kipimo chake hakifiki hata nusu ya ganda. Mtu akitia mara mbili haimwagiki, wala hatajua. Ndiyo maana Dale alikuwa na sheria moja: kabla ya kubana vichwa, mulika tochi ndani ya kila ganda.

Ijumaa hiyo Signe alikuwa kwenye safu ya tatu rafiki yake Brynn alipogonga dirisha, viatu vya kutelezea barafuni begani.

"Bwawa limeganda. Unakuja, au umeajiriwa humo?"

"Nakuja. Nipe dakika kumi."

"Dakika kumi zako nazijua mimi. Wenzako wako huko tangu saa tisa."

Walibishana kidogo. Signe aliporudi mezani hakukumbuka kama safu ya tatu ameimaliza au hajaianza. Akaianza. Alizijaza zilizobaki mbio mbio, akaanza kuvaa koti.

"Umemulika?" Dale aliuliza, akivuta kibao upande wake.

"Ndiyo, Baba."

Dale akabana vichwa vyote hamsini bila kuuliza tena.

Kesho yake asubuhi, mlimani, risasi ya sita ilipasua bunduki. Mzee Arvid Lunde, jirani aliyekuwa naye mawindoni, alimfunga Dale mkono kwa shati lake mwenyewe na kumkimbiza hospitali. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuokolewa. Dale alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma.

Jumapili mchana Signe alikaa kwenye kiti cha wodini akitazama bandeji. Hakuwa amekula tangu jana.

"Chuma kilichoka," Dale alisema. "Ile bunduki ningeitundika ukutani zamani."

"Nilikuambia mwaka juzi," alisema mkewe, Corinne.

"Uliniambia."

"Na sasa unakubali, ukiwa na vidole vitatu."

Dale alijaribu kucheka, ikashindikana. Signe aliinamisha kichwa. Kila mtu ameshailaumu bunduki, na bunduki haisemi. Akinyamaza, hakuna atakayejua maishani.

"Arvid je, amepata nyama?" Corinne aliuliza.

"Bado, amerudi mlimani, maana msimu unafungwa leo jioni. Nimemwambia achukue zile risasi zangu zilizobaki. Bunduki yake ni ya kipimo hichohicho, ila chuma chake kipya."

Signe aliinuka kitini.

"Baba, sikumulika."

"Nini?"

"Juzi. Uliniuliza nikasema ndiyo. Sikumulika hata moja. Nadhani safu ya tatu nimeitia mara mbili."

Corinne alikuwa tayari ameshika simu. Iliita mpaka ikakatika, mara tatu.

"Huko juu hakuna mtandao," alisema. "Signe, ingia kwenye gari."

Mwendo ulikuwa dakika arobaini, barabara imejaa theluji. Corinne hakumgombeza, hakumtuliza. Aliendesha tu. Signe alifungua dirisha kusikiliza kama kuna mlio wa bunduki, na baridi ikamchoma masikio.

Walimkuta Mzee Arvid kando ya gari lake la mizigo, ameegemeza bunduki juu ya boneti.

"Mnanitoroshea mnyama," alinong'ona. "Corinne, umekuja kunisaidia kubeba?"

"Toa risasi kwenye bunduki, Arvid. Sasa hivi."

Mzee aliona uso wake, akaitoa bila swali.

"Niliongopa," Signe alisema. "Baadhi zina baruti mara mbili."

Mzee Arvid aliitazama ile risasi kiganjani. "Kulungu yuko ng'ambo ya kijito," alisema taratibu. "Nilikuwa namngoja ageuke ubavu."

Akaitia mfukoni mwa shati, mbali na nyingine.

Siku iliyofuata mzee alizifungua risasi zote zilizobaki. Nne zilikuwa na baruti mara mbili. Mojawapo ilikuwa ile ya mfukoni.

Dale alirudi nyumbani Alhamisi. Kesho yake asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya shati, Signe akapiga magoti mbele yake kumfungia. Alilia huku akifunga.

"Nisikilize," Dale alisema. "Kupotewa na hesabu si dhambi. Hata mimi hunitokea, ndiyo maana nikaweka sheria. Ungesema 'sijamulika', ningemulika mwenyewe, nawe ungechelewa bwawani dakika tano. Hilo tu. Lakini uliponiambia ndiyo, niliacha kutazama, kwa sababu nilikuamini. Mtu akikuamini anakuachia macho yake. Ukimdanganya, umempofusha."

"Najua, Baba."

"Jumapili ulisema ukweli wakati hakuna aliyekushuku. Arvid yu hai kwa hilo. Vidole vyangu havirudi, na kukuamini tena kutachukua muda. Tutaanza na mambo madogo." Aliinua kidevu. "Vimekwisha?"

Signe alivikagua kimoja kimoja, kuanzia kolani hadi chini.

"Bado. Cha tatu nimekikosea tundu."

"Basi kirudie," alisema baba yake, akasimama wima kumngoja.