Mstari Katikati ya Kioo

"Samahani, dada, debe hilo la dagaa nimeshalichagua mimi."

"Umelichagua kwa macho, kaka. Mimi nimelishika."

Muuzaji akacheka. Asubuhi hiyo ya mwaka 1998 mwalo wa Nkome, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ulifurika watu. Justina alivaa kitenge cha kijani na kilemba alichofunga kwa haraka. Festo, shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Akamwachia debe, tena akambebea mpaka kwenye gari. Kumbe gari lao lilikuwa moja: wote walifanya kazi kambi ileile ya utafiti wa dhahabu, Geita.

"Mbona sijawahi kukuona?" Festo aliuliza.

"Niko maabara."

"Na mimi stoo. Basi tumekwisha!"

Walicheka, lakini ilikuwa kweli. Ili wasishirikiane kuiba sampuli, watu wa maabara na wa stoo walitenganishwa kwa waya. Walikula mbali, walilala mbali. Aliyeacha kazi alitoka, wala hakurudi tena. Mwezi huo hata gari la Nkome likasimamishwa.

Lakini kompyuta zao mbili zilitegemea mashine moja ya Linux. Siku ile garini Festo alimnong'oneza, "Andika *talk*, halafu jina langu. Ni amri ya kuzungumza; wengi hawaijui."

Justina alipojaribu, kioo kiligawanyika kwa mstari. Maneno yake yalikaa juu, ya Festo chini, yakija herufi moja moja. Hata neno lililofutwa lilionekana kwanza.

"Umekula, mpenzi?" Justina aliandika, majuma kadhaa baadaye.

"Ugali na maharage. Waya huu utanimaliza."

"Mbona umeandika 'nakup' ukafuta?"

"Una macho makali, mama."

"Malizia."

Festo akamalizia. Siku moja akauliza kama aende Ushirombo kujitambulisha kwa wazazi wa Justina. Justina akaomba alifikirie usiku huo.

Asubuhi akamwita Festo kwa furaha. Mashine ikajibu kwamba mwenzake anakataa ujumbe. Mchana vilevile. Kesho yake vilevile.

"Alikuwa ananichezea," alimwambia Paskalina, mpishi aliyepeleka chakula pande zote mbili. "Naacha kazi."

Paskalina hakubishana. Alimfungia viazi vitamu vya njiani, kisha, akigawa uji stoo, akamnong'oneza Festo, "Justina anaondoka."

Festo alifika mbio getini. Justina alikuwa ameshatoka. Waya ulikuwa kati yao.

"Ulinifungia mlango, Festo."

"Niliandika *mesg n*, nikazuia ujumbe. Msimamizi amehamishia meza yake nyuma yangu. Ungeniita, jina lako lingetokea mbele yake. Wangekufukuza."

"Na sasa nimejifukuza mwenyewe."

Mabula, mlinzi, akageuka pembeni, akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Jibu lako lilikuwa nini?" Festo aliuliza.

"Ndiyo. Mpaka sasa ni ndiyo. Toka, twende."

Festo akashika waya kwa mikono miwili.

"Wadogo zangu wanasoma kwa kazi hii. Mkataba unaisha Desemba."

Justina akatazama vidole vya Festo vilivyoukaza waya. Akavifunika kwa vyake.

"Basi Desemba. Ukichelewa, baba atakupa jogoo mzee, na mimi sitamtetea mkwe."

"Nitamtafuna hivyohivyo."

Dereva wa gari lililomsubiri Justina akapiga honi. Hakuna aliyeachia waya.

"Shemeji," Mabula akamwambia Justina taratibu, "gari litakuacha."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alipanda akilia, na machozi hayo hakuyaficha.