Kiti cha Kuazima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alichota maji ndooni, akawasha jiko, kisha akamwosha uso mdogo wake, ambaye alipiga kelele kana kwamba anachunwa ngozi. Chiriku halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Mtaani walimwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusimulia habari, hata mtu aliyebeba mzigo ilimbidi autue kwanza.

Yeye na mdogo wake waliishi na bibi yao katika chumba kimoja chenye mlango wa bati. Bibi alikuwa dobi. Alifua nguo za watu uani, kwa maji aliyoyanunua kwa muuza maji wa mkokoteni, na siku ambazo mkokoteni haukupita, hapakuwa na kufua wala kula vizuri. Nguo za wateja zilipoanikwa, ua ule ulipendeza sana. Mpita njia angedhani hapo wanakaa watu wenye makabati.

Jioni moja Bibi aliketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, akawa anausugua mgongo wake.

"Mjukuu wangu," alisema, "muhula huu ukiisha, itabidi ukae nyumbani unisaidie kufua. Sare imekwisha, viatu vimekwisha, na mimi mwenyewe nakwisha."

 Chiriku alipenda shule kuliko kitu chochote, hasa hesabu, na sasa alilitazama karai la kufulia akaliona kama adui. Alilia kimyakimya akiwa amempa Bibi kisogo.

Siku chache baadaye mwalimu wake alimwita pembeni. Alimweleza kwamba kulikuwa na mradi wa watu wa kujitolea uliozisaidia familia zisizo na uwezo. Waliwapa unga na maharage, waliwanunulia watoto mahitaji ya shule, na penye shida ya maji walivuta bomba mpaka uani. Mwalimu alikuwa amewaeleza habari za Bibi. Kesho yake mtu wa mradi angefika nyumbani aione hali yao.

Chiriku alikimbia mpaka nyumbani bila kupumzika.

"Bibi! Tunapata bomba! Tunapata unga! Na mimi naendelea na shule!"

"Nani kasema?"

"Kuna dada wa mradi, anakuja kesho kututembelea."

Bibi aliliachia shati alilokuwa akilikamua. Mtu mwingine angefikiria unga, au angefikiria bomba. Bibi alisikia neno moja tu.

"Mgeni!" alisema. "Sasa mgeni huyo atakaa wapi? Juu ya ndoo?"

Basi kesho yake, siku isiyo ya shule, tangu mapema nyumba haikukalika. Chiriku alitumwa kwa jirani wa mlango wa pili, fundi wa cherehani, mama mnene mwenye cheko kubwa ambaye hakujua kumnyima mtu kitu. Alirudi na viti viwili. Kimoja kilikuwa kimevunjika mguu, na fundi alikuwa ameufunga kwa kitambaa chekundu. Akatumwa tena, akarudi na meza ndogo na kitambaa chake. Akatumwa tena, akarudi na chupa ya chai yenye maua, iliyozibwa kwa gunzi kwa sababu kifuniko chake kilipotea, pamoja na vikombe na sukari ya kutosha.

Safari ya mwisho fundi mwenyewe alimpachika redio kwapani. "Nayo ichukue. Haisemi neno tangu mwaka juzi, lakini mgeni atajuaje?"

Bibi alikunja mkeka wao, akauficha nyuma ya mlango. Kisha alimshika Chiriku bega.

"Nisikilize. Watu wazima wakizungumza, wewe kimya. Usinitoe aibu mbele ya mgeni. Leo mdomo huo ufunge kabisa."

"Hata akiniuliza?"

"Akikuuliza, mimi nipo."

Dada wa mradi alifika jua likiwa limepanda. Alikuwa msichana mwenye mkoba mzito begani na viatu vilivyojaa vumbi. Ilionekana kazi hiyo alikuwa hajaizoea, maana alibisha hodi mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu kiti."

Alikalia kile cha mguu mwekundu. Akamiminiwa chai, akatiwa sukari bila kuulizwa. Macho yake yalizunguka chumbani taratibu, yakatua kwenye meza, yakatua kwenye redio. Mdogo wake Chiriku alikuwa akiipapasa ile chupa ya maua kwa kidole kimoja.

"Bibi, hii nzuri," alisema. "Tukae nayo tu?"

Bibi alimtupia jicho, na mtoto akarudisha kidole chake haraka.

"Habari za maisha, Bibi?" mgeni aliuliza.

"Nzuri tu, mwanangu. Tunashukuru."

"Chakula mnapata?"

"Tunapata. Hatulalamiki."

"Na maji?"

"Maji yapo."

Chiriku alihisi maneno yakimjaa kooni. Maji yapo wapi? Juzi mkokoteni haukupita! Lakini Bibi alikuwa akijibu kama alivyolelewa, kwamba mgeni akikujulia hali humtwishi matatizo yako kabla hajamaliza chai. Alingoja kuulizwa mara ya pili, kwa undani, kama watu wanavyoulizana. Mgeni hakuuliza mara ya pili. Alimaliza chai, akashukuru kwa heshima, akasimama.

"Nimefurahi kuwaona mko vizuri, Bibi. Nitamweleza mwalimu. Kuna familia zenye hali ngumu zaidi, tutaanza na hizo."

Alipotoka, Bibi alibaki ameshika kikombe kitupu.  Alisema kwa sauti ndogo, "Rudisha vitu vya watu, mjukuu wangu. Fundi atapata wateja, nao watakosa pa kukaa."

Chiriku alijitwika kile kiti cha mguu mwekundu, akashika chupa ya chai kwa mkono wa pili, akatoka huku machozi yakimchuruzika. Alipitia mlango wa uani wa fundi, kama alivyozoea. Hakujua kwamba mgeni, baada ya kutoka kwao, alikuwa amebisha hodi mlango wa pili ili kuwauliza majirani nao wakoje.

Kumbe ndani kwa fundi hapakuwa na kitu. Cherehani ilikuwa imebaki peke yake katikati ya chumba. Dada wa mradi alikuwa ameketi juu ya ndoo, na sura yake ilijaa huruma.

"Pole sana, mama," alikuwa akisema. "Hata kiti cha kukalia huna! Usijali, jina lako nitalipeleka leo hii hii."

"Ala! Mimi?" Fundi alikuwa ameduwaa. "Mwanangu, mimi viti ninavyo."

"Viko wapi?"

Fundi aliigeukia cherehani yake. Angesema viko wapi, angemvua Bibi nguo mbele ya watu. Wakati huohuo Chiriku akaingia na kiti kichwani.

Mgeni alikitazama kiti. Akautazama mguu wake mwekundu. Akaitazama chupa yenye gunzi.

"Hiki si ndicho nilichokalia sasa hivi pale kwa Bibi?"

"Viti vinafanana, mwanangu," fundi aliingilia haraka. "Mafundi wa siku hizi wanaiga tu, mpaka vitambaa wanaiga!"

Chiriku alisimama katikati yao, shingo ikimuuma. Bibi alikuwa amemkataza kusema, na hakuwahi kumvunjia Bibi amri. Tena aliogopa. Huyu dada akijua kwamba alikalishwa kwenye vitu vya kuazima, si atawaona matapeli? Lakini alikumbuka karai. Akamtazama na fundi, mtu aliyewapa kila kitu chake kwa moyo mweupe, na sasa alikuwa akisema uongo kwa ajili yao. Aliona uongo ule umeshakuwa mwingi mno.

Alikitua kiti.

"Ndicho chenyewe, dada," alisema. "Na meza ni ya fundi, na redio pia, wala haisemi. Sisi tuna mkeka, uko nyuma ya mlango. Bibi hakutaka kukudanganya. Hakutaka tu ukae juu ya ndoo. Juzi mkokoteni wa maji haukupita, tukanywa uji bila sukari. Na mimi muhula ukiisha naacha shule."

Baada ya kuanza hakuweza kunyamaza. Alisema yote, mpaka sauti ikamkauka.

 Dada wa mradi alisimama, akaukung'uta mkoba wake. "Wapo wanaoficha magodoro uvunguni kwa jirani ili niwaone maskini," alisema. "Hili la kuficha mkeka ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona. Nipeleke tena kwa Bibi."

Bibi alipowaona wote watatu mlangoni, alielewa. Aligeukia ukuta kwa haya.

"Nimekuvunjia amri yako, Bibi," Chiriku alisema. "Nisamehe."

Mgeni hakungoja kukaribishwa. Alivuta mkeka nyuma ya mlango, akaukunjua, akaketi.

"Bibi, kosa ni langu pia," alisema. "Nilihesabu viti, sikukaa kukusikiliza. Sasa nakuuliza tena, pole pole. Habari za maisha?"

Bibi alikaa karibu yake. Safari hii alijibu. Alieleza habari ya mgongo, habari ya maji, na habari ya mtoto anayependa hesabu. Alilia kidogo, na fundi akalia zaidi kuliko yeye. Mdogo wake Chiriku alitumia nafasi hiyo kumaliza sukari.

Mambo hayakuwa siku moja. Lakini unga ulifika, kisha mafundi bomba walichimba mtaro mpaka uani kwa Bibi, na majirani wakateka hapohapo. Mradi ulipotafuta mtu wa kushona sare za watoto, dada yule alijua pa kwenda. Sare mpya ya Chiriku ilishonwa kwenye cherehani ya mlango wa pili, na fundi akampimia kubwa kidogo, ili imfae na mwaka unaofuata.

Siku ya kwanza ya muhula mpya, Bibi alimfunga vifungo vya shingoni.

"Nilikufundisha kumheshimu mgeni, na hilo usiliache," alimwambia. "Lakini mimi nilichanganya heshima na aibu. Kukosa kiti si aibu, mjukuu wangu. Mtu anayetaka kukusaidia mwambie ukweli wako, maana hawezi kuziba tundu ulilolifunika kwa kitambaa cha jirani."

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema," Bibi alicheka. "Ila shuleni mwachie mwalimu naye aseme kidogo."

Mchana ule dada wa mradi alipita kuwajulia hali. Mdogo wake Chiriku alimwona kwanza, akakimbilia ndani.

"Bibi, mgeni! Niende kuazima kiti?"

"Hapana," Bibi alisema. "Tandika mkeka wetu."