Udongo wa Mfukoni

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine zote za vitendo. Baada ya chai, wanafunzi wa uchungaji waliunganisha mabenchi ya kanisa dogo la chuo, wakaweka godoro juu yake, wakaleta shuka jeupe na sahani ya vumbi la mbao kutoka karakana. Wiki iliyopita walikuwa wamembatiza mwanasesere. Leo walikuwa wanajifunza kuzika.

Mwalimu wao, mchungaji aliyezika watu wengi kuliko aliowafungisha ndoa, alikuwa na miiko yake katika somo hili. Anayejilaza kuwa marehemu hatajwi jina. Ni ndugu yetu, basi. Anamwagiwa vumbi la mbao, kamwe si udongo. Na mwisho lazima aambiwe, "Ndugu, inuka," naye ajibu, "Nimeinuka." Kila mwaka wanafunzi walicheka. Kila mwaka naye alisema vilevile:

"Ninyi mnajua kuwa mnajifunza. Maneno hayajui."

Zamu ya kuongoza ilikuwa ya kijana waliyemwita Kamusi, maana hakuna swali la darasani lililomshinda. Lakini kanisa kubwa la mjini lilitaka mwanafunzi mmoja wa kwenda kuhubiri, mwalimu angemtaja jioni ile, na kila mtu alijua kuwa si Kamusi. Ni Kinanda, mwenzake wa chumba kimoja, kijana wa alama za kuungaunga, aliyepewa jina hilo kwa sauti yake nene. Kinanda akisema "poleni" wodini, wagonjwa walijifuta machozi. Kamusi akiomba, wagonjwa walitazama saa.

Wivu ulimla Kamusi kama mchwa anavyokula mlango: nje rangi inang'aa, ndani unga mtupu.

"Nilazeni mimi," Kinanda akajitolea. "Usingizi ninao. Huyu kaka yangu anakoroma kwa Kigiriki."

Darasa likaangua kicheko. Kamusi naye akacheka, meno tu. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa koti, ukifinyafinya donge la udongo. Aliliokota juzi kwenye maziko waliyopelekwa kutazama. Alipoliokota hakujua la nini. Sasa alijua.

Akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi. Mtu wa nyuma akapiga mwayo. Chini ya shuka Kinanda alikuwa akipumua, na pale mdomoni kitambaa kikapanda, kikashuka. Kisha kikatetemeka. Alikuwa anacheka.

Mlinzi akabisha, akamwita mwalimu nje mara moja. Kamusi akainama.

Akanong'ona jina halisi la Kinanda. Akaongeza la baba yake. Akaongeza la babu yake.

"Udongo kwa udongo."

Akaachia donge. Likatua pale mdomoni.

Shuka likatulia.

Mwalimu aliporudi, Kamusi alikuwa anamalizia. "Ndugu, inuka." Kimya. Akarudia. Kimya. Akalivuta shuka.

Kinanda akaketi, macho wazi, mdomo wazi. Midomo ilicheza. Hakikutoka hata kikohozi. Wenzake wakacheka, wakidhani ni mizaha yake ileile. Wakacheka sana. Kisha, mmoja mmoja, wakaacha.

Mwalimu aliokota shuka, akatazama doa jeusi. Akauliza taratibu nani ameleta udongo humu. Kamusi akajibu kuwa huenda ni uchafu wa viatu.

"Aliyezikwa kwa jina huitwa kwa jina," mwalimu akasema, bila kumtazama mtu. "Na anayemwita ni yule yule aliyemzika. Mwenye kujua, amwite."

Lilikuwa jambo la pumzi moja. Lakini kumwita ni kukiri, na kukiri ni kuikosa mimbari ya mjini. Kamusi akainama, akaanza kuyarudisha mabenchi mahali pake.

Madaktari walichungulia koo la Kinanda, hawakuona kitu. Mama yake alikuja kumchukua. Pale getini alimshika Kamusi mkono, akamshukuru. "Umekuwa ndugu yake kweli, mwanangu."

Kwa kuwa Kinanda hakuweza tena, mjini alikwenda Kamusi.

Jumapili ya kwanza alipanda mimbarani na kufungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya joto, yenye kutikisa vioo. Sauti ya Kinanda. Wazee wakainamisha vichwa. Akina mama wakalia. Kamusi akahisi raha ikimpanda hadi utosini. Hatimaye. Hatimaye wanamlilia yeye.

Kisha sauti ikaiacha hotuba yake.

Alitaka kufunga mdomo. Haukufunga. Sauti ikataja jina lake. Ikataja la baba yake. Ikataja la babu yake, ambalo hakuwahi kumwambia mtu pale.

"Udongo kwa udongo," kinywa chake kikasema.

"Amina," kanisa likaitika.

Walimwinua kutoka nyuma ya mimbari akiwa mzima, midomo ikicheza bila sauti. Mchana huohuo, mbali na pale, Kinanda alimwomba mama yake maji.

Kinanda alikwenda kumwita mwenzake, kwa jina, akilia. Haikufaa kitu. Kamusi alizikwa na kinywa chake mwenyewe, na kinywa hicho hakina tena sauti ya kuitia.

Shuka lile mwalimu alikuwa amelifungia kabatini, ufunguo shingoni mwake. Alipolikunjua, doa la kwanza lilikuwa limekauka. Kando yake kulikuwa na la pili, upana wa mdomo wa mtu.

Hilo lilikuwa bado bichi.