Swichi ya Jikoni

Rafiki yangu Kalama, fundi wa umeme wa Garsen, hufunga maofisini mabodi makubwa ya chuma ya swichi za umeme. Nyumbani kwake Golbanti alifunga bodi ndogo ya plastiki, swichi nne tu. Kila usiku alizima ya jikoni. Alfajiri mkewe, Dama, aliiwasha kwa mikono yenye unga wa chapati, naye Kalama akimgombeza, "Mama Kadii, futa mikono kwanza."

Mafuriko yalimchukua Dama. Maji yalipopungua, Kalama akaenda kuing'oa ile bodi. Waya wa kutoka nguzoni ulishakatwa. Akazima swichi zote, akainama gizani kutafuta bisibisi. Juu ya kichwa chake pakalia, ta.

Ya jikoni ilikuwa imewashwa.

"Niliigusa nikimwita," aliniambia akilia. "Kidole kikatoka na unga uliokandwa, bado laini."