Machungwa ya Paskali

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi niliyoichukia: kumkamulia mdogo wangu Paskali chungwa. Aliyetuletea balaa hilo ni Nesi Klara wa zahanati, aliyewagawia machungwa akina mama wenye watoto wachanga.

"Kijiko kimoja kwa siku, Mama Rahabu," alimwambia mama. "Kamua siku hiyo hiyo, uongeze maji yaliyochemshwa yakapoa."

Mama alikuwa akienda kuvuna mtama tangu alfajiri, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Niwashe moto, nichemshe maji, nikamue, nilishe! Na shule za wakati wa Mwingereza hazikuwa na mchezo, ukichelewa, fimbo.

Jumatatu nikasema basi. Nilikamua machungwa manne kwa mpigo, nikatia maji ya kisimani yasiyochemshwa, nikamimina kwenye kibuyu cha maziwa. Jumatano nilipokizibua, juisi ilitoa povu na kunuka kama pombe. Paskali alikunja uso na kugeuza kichwa. Nilikuwa nachelewa, nikamnywesha kwa nguvu.

"Umemkamulia mwenzio?" mama aliuliza jioni.

"Ndiyo, mama. Leo asubuhi."

Alhamisi Paskali aliharisha na kutapika mpaka akawa analia bila machozi. Mama alimfunga mgongoni, akapanda kilima cha zahanati bila kupumzika, nami nikikimbia nyuma yake.

"Machungwa yako yanamuua mwanangu!" alifoka mlangoni.

Akina mama waliokuwa kwenye foleni walishtuka. Mama Gasto alitupa machungwa yake chini. "Nilijua tu! Wangu hayanywi tena."

"Mlikamua kila siku?" aliuliza Nesi Klara, naye akiwa amekasirika.

"Kila siku! Muulize huyu."

Wote wakanigeukia. Nilimchukia nesi, lakini kosa halikuwa lake. Nikimtazama Paskali aliyelegea, nilijichukia zaidi.

"Nilikamua Jumatatu tu," nilisema. "Sikuchemsha maji. Niliweka kwenye kibuyu."

Mama aliinua mkono. Nesi akaudaka.

"Kiboko baadaye, dada. Kwanza mtoto anywe."

Siku nzima walimpa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari, kijiko baada ya kijiko. Jioni Paskali alilia, na machozi yakamtoka. Mama naye akalia.

Nesi Klara alinisimamisha mbele yake. Hakutabasamu hata kidogo.

"Uvivu wako umemuumiza mtoto mmoja, Rahabu. Ungenyamaza, uongo wako ungewaumiza watoto wote wa foleni ile, maana mama zao wasingeniamini tena. Kesho utakuja hapa uwaambie ulichofanya."

Nilikwenda, nikawaambia. Mama Gasto alinisonya, lakini aliondoka na machungwa mengine.

Kwa siku nne mama hakunisemesha. Siku ya tano, Paskali alipopona, hakwenda shambani mapema. Aliwasha moto, akateleka maji, akaniwekea chungwa mkononi.

"Kamua," alisema. "Mbele ya macho yangu."