Jiwe la Kisima cha Crona

Tundu lilikuwa tupu.

Mkaguzi Dervla Tarpey aliinama, akamulika tochi ndani ya ukuta wa kisima cha Mtakatifu Crona. Hakuona kitu ila ukoga wa kijani na alama kavu ya mviringo pale jiwe lilipokaa miaka zaidi ya elfu bila kufuli. Lilikuwa jiwe dogo, ukubwa wa kiazi, lenye msalaba uliochongwa. Kila mtoto wa kijiji cha Kilcrona aliwekewa kichwani, limelowa maji ya kisima, kabla ya kupewa jina. Dervla naye aliwekewa, na kwa maelezo ya mama yake alipiga kelele mpaka padri akakasirika.

"Saa mbili asubuhi lilikuwepo," alisema Packie Gaughan, mtunza kisima, mzee wa miaka sabini na sita ambaye hajawahi kuishiwa hasira. "Saa tano halipo. Nani kapita hapa katikati? Wale wanawake wa matembezi!"

"Una hakika hakupita mwingine?"

"Nani apite na mvua hii? Nilisema mimi! Njia ya hija ni ya kusali, si ya kupiga picha na kondoo. Kesho tunaletewa watoto wanne. Nitawawekea nini kichwani, kiazi?"

Konstebo Malachy Quilty alikohoa ili asicheke. Dervla hakuwa na nafasi hata ya kukohoa. Kundi la mahujaji lilikuwa la wanawake tisa, na basi lao la kwenda uwanja wa ndege lingeondoka saa nane. Sasa ilikuwa saa sita kasorobo. Jiwe likipanda ndege, basi tena. Alitazama saa, akaanza kushuka kilima kabla Packie hajamaliza kulaani.

Kwenye ukumbi wa kijiji, Sorcha Devane, kiongozi wa msafara, alikuwa amesimama mlangoni macho yamemvimba.

"Ulikuwa nao muda wote?" Dervla aliuliza.

"Hapana. Saa tatu tulizunguka kisima pamoja. Baada ya hapo tulianza kimya."

"Kimya gani?"

"Siku ya mwisho kila mmoja anatembea peke yake kutoka kisimani mpaka hapa, na kusema marufuku. Njia ya hija inazunguka kilima, mwendo wa saa moja na nusu; ya mkato ni dakika kumi tu. Simu zao ninazo mimi, na mimi hutangulia."

"Nani alibaki nyuma?"

"Sijui. Masharti ni kwamba hugeuki."

"Masharti mazuri sana kwa mwizi."

Sorcha akaangua kilio. "Mzee Packie anasema njia itafungwa. Miaka saba nimeiongoza, Mkaguzi! Kuna wanawake wanaokuja hapa hawajawahi kupata hata siku moja yao wenyewe."

Dervla alijuta, lakini hakuwa na muda wa kujuta vizuri. Akaamuru upekuzi.

Mabegi tisa yalitoa soksi mbichi, plasta za malengelenge na biskuti zilizopondeka. Begi la Waltraud, mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, lilitoa mawe kumi na mawili. Quilty aliyapanga mezani moja moja, masikio yamesimama.

"Mama, mawe yote haya ya nini?"

"Moja kwa kila siku. Ikinyesha, mawili."

"Mmetembea siku sita."

"Na wewe unakaa hapa," Waltraud alimjibu. "Kuna siku haikunyesha?"

Hakuna hata moja lililokuwa na msalaba.

Saa saba kasorobo. Dervla alishindwa kukaa. Alimwachia Quilty kazi ya kumalizia kuandika maelezo, akapanda tena kisimani na kuuzunguka ukuta, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Upande wa kaskazini kulikuwa na pengo la zamani lililomezwa na upupu. Baadhi ya mashina yalikuwa yamevunjika na bado yalitoa maji. Alijipenyeza akiwa ameinua mikono.

Ndani, juu ya jiwe bapa, kulikuwa na kokoto saba zimepangwa mstari. Zilikuwa safi, hazina ukoga.

"Mzee Packie! Njoo huku. Mizunguko mnaanzia wapi?"

"Langoni. Mizunguko saba, na kila ukimaliza mmoja unaacha kokoto. Mtoto mdogo anajua."

"Na hapa?"

Packie alichungulia. "Hapa ni zamani, kabla hawajaweka lango. Mwaka themanini na nne hiyo. Mama yangu alianzia hapo. Siku hizi nani aingie kwenye upupu?"

"Sorcha anapajua?"

"Huyo alizaliwa juzi, tena Galway. Kajulia wapi?"

Dervla alishuka kilima karibu kukimbia. Wanawake wote tisa walikuwa wamemwambia Quilty kwamba hawajawahi kukanyaga Kilcrona kabla ya safari hii. Mmoja wao alijifunza kuzunguka kisima kile kabla ya mwaka themanini na nne.

"Nyoosheni mikono," alisema alipoingia. "Vuteni mikono ya sweta juu."

Walicheka kama watoto wa shule, wakanyoosha. Mmoja alibaki ameshika kikombe cha chai karibu na jiko. Breda Hollis wa Coventry, Uingereza, miaka sabini na tisa, mwembamba, ambaye kwa siku sita hakuwahi kulalamika hata kuhusu mvua.

"Na wewe, mama."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba vipele vyekundu. Juu yake palipakwa kijani cha lile jani pana ambalo kila mtoto wa mashamba ya huku hujisugulia akichomwa na upupu.

"Umezaliwa wapi, Bi Hollis?"

"Mimi nakaa Coventry."

"Sijauliza unakokaa."

Breda akatua kikombe. "Nyumba ya juu kabisa, kilimani. Jina la kwetu ni Lavelle."

"Breda?" Packie alikuwa mlangoni, analowa. "Breda wa Lavelle? Walisema umefia Uingereza!"

"Walisema mengi, Packie."

"Jiwe liko wapi?" Dervla aliuliza.

"Halijatoka kilimani. Kwenye Uwanja wa Watoto, chini ya nyasi."

Hakuna mwenyeji aliyehitaji kuambiwa uwanja upi. Ulikuwa shamba dogo juu ya kisima ambako walizikwa watoto waliokufa bila ubatizo, kwa sababu makaburi ya kanisa yaliwakataa.

"Kwa nini ulilichukua?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, sina mume. Mtoto alizaliwa kimya, wa kiume. Sikuonyeshwa. Baba alimtia kwenye sanduku la chai, akatoka naye kabla hakujapambazuka, akarudi na koleo tu. Wiki ile ile nikapandishwa meli." Alisema yote kwa sauti ile ile, kama anayesoma anwani. "Kila mtoto wa huku aliwekewa jiwe. Wangu hakuwekewa. Nilikuja kumwekea."

"Ungeomba tu, mama."

"Nimwombe nani? Peke yangu nisingethubutu hata kushuka basi. Nilipoona tangazo la matembezi ya wanawake, nikasema nitajificha humo katikati yao."

"Ungeweka na kurudisha. Ni dakika tano."

"Simjui ni yupi." Hapo ndipo sauti ilipomvunjika. "Ni vijiwe tu kwenye nyasi, havina majina, viko arobaini na tatu. Ikabidi niwawekee wote, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nirudi kulilowesha. Nilifika thelathini na moja. Ndipo Packie akaja, nikalificha."

Sorcha alimshika bega. Dervla alitazama saa. Saa saba na nusu.

"Afande," Quilty alinong'ona, "tunaandika wizi?"

"Andika kwamba tumelipata. Kisha mwambie dereva asubiri."

Walipanda wote, wale wanane wengine pia, na safari hii hakuna aliyeamriwa kunyamaza lakini walinyamaza. Breda alilichomoa jiwe chini ya nyasi. Goti lilikataa kukunjika, Waltraud akamshikilia kwapani. Alimwekea wa thelathini na mbili, wa thelathini na tatu. Wanawake walipokezana chupa za maji kutoka kisimani.

Packie alikuwa amebaki nje ya ukuta, kofia mkononi. Dervla alidhani amesusa.

"Breda," aliita hatimaye. "Umefika kwenye kona? Pale penye mti wa miiba?"

"Bado."

"Huyo ni dada yangu. Mama alikuwa akinionyesha kwa kidole, akiwa dirishani kwetu. Hakuwahi kuthubutu kuja." Alifuta uso kwa kofia. "Miaka thelathini nalilinda jiwe hili. Kutoka kisimani mpaka hapa ni hatua hamsini. Sikuwahi kulileta."

Breda alimnyooshea jiwe.

"Basi njoo umwekee wewe," alisema. "Limekauka kidogo. Liloweshe kwanza."